Sufuria Mbili

Mwenye nyumba wangu wa Seoul alinigongea mlango mara mbili tu katika miaka miwili niliyopanga kwake. Mara ya kwanza bomba lilikuwa limepasuka kwa baridi na maji yanashuka ngazi. Mara ya pili ilikuwa tangawizi.

Nilikuwa nakaa juu ya paa. Wakorea wanaviita oktapbang, vile vyumba vilivyojengwa juu kabisa ya nyumba za ghorofa tatu nne za matofali mekundu. Kiangazi vinakuoka, wakati wa baridi vinakugandisha, na kwa sababu hiyo ndivyo tunavyovimudu sisi wanafunzi. Mtaa wenyewe uko upande wa mashariki wa mji, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Jegi-dong. Paa lilikuwa letu kwa ubia: mimi nina chumba na kamba ya kuanikia nguo, yeye ana mitungi yake ya udongo ya mchuzi wa soya na ya pilipili, imepangwa kando ya ukuta kama wazee barazani. Nilimwita Halmeoni, yaani Bibi. Jina lake nililijua, lilikuwa kwenye mkataba, lakini sikuwahi kulitamka, na yeye hakuwahi kulitamka langu. Aliniita haksaeng, mwanafunzi, mwanzo hadi mwisho.

Siku hiyo ya tangawizi ilikuwa Januari 2019, nje nyuzi 10 chini ya sifuri. Nilikuwa nimetia kwenye sufuria moja kahawa, tangawizi niliyoiponda kwa kitako cha chupa, kipande cha mdalasini na punje za pilipili manga, nikabandika, nikakaa sakafuni. Nadhani nilisinzia. Nilichokuja kusikia ni mlango unagongwa na sauti ya Halmeoni nyuma yake, na chumba chote kimejaa moshi wenye harufu ya kwetu.

Alidhani nina mafua. Korea tangawizi ikinukia namna ile, kuna mtu anaumwa. Akaingia, akazima jiko, akachungulia sufuria iliyoungua, akauliza ni dawa ya nini. Kikorea changu wakati huo kilitosha kuandika tasnifu na bado hakikutosha kujibu swali lile. Nikasema, "Baba amekufa."

Akaitazama sufuria tena. Kisha akashuka ngazi zake, hakusema neno.

Baba yangu aliuza kahawa Ngamiani, Tanga, kwa miaka isiyopungua thelathini. Kama umewahi kupita Tanga jioni, umewaona watu wa aina yake: jiko la mkaa, dele, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, sinia la kashata, na mabenchi mawili ya wanaume wanaobishana Simba na Yanga, na wachache wenye moyo mgumu wanaoshikilia Coastal Union. Kahawa chungu, haina sukari, kikombe unakimaliza kwa mafunda matatu. Ya baba ilikuwa na tangawizi, na hiyo tangawizi ndiyo iliyowatoa watu mpaka Chumbageni kuja kukaa kwenye benchi lake wakati huko kwao kahawa ipo.

Alifariki alfajiri, saa kumi na moja. Seoul ilikuwa saa tano asubuhi, niko darasani, simu nimeizima sauti. Nilipoitazama, saa saba mchana, kaka alikuwa ameshapiga mara kumi na moja. Walizika baada ya swala ya adhuhuri. Kwetu maiti haisubiri ndege, na kutoka Incheon hadi Dar es Salaam, hata ukipata tiketi saa hiyo hiyo, safari inakula karibu siku nzima kabla hujapanda basi la Tanga. Na hata ningekuwa Tanga, makaburini nisingekwenda. Wanawake tunabaki nyumbani. Lakini ningekuwa ndani ya ile nyumba. Ningekaa mkekani karibu na mama, watu wanaingia, watu wanatoka, mtu ananipa maji. Badala yake nilikwenda kwenye kipindi cha saa nane, nikaandika notisi. Ninazo mpaka leo. Zimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa turudi kwa Halmeoni. Jioni ile nilipofungua mlango kutoa takataka nilikuta vitu vitatu sakafuni. Kimoja kilikuwa bahasha nyeupe, ndani noti moja ya won 50,000. Korea msiba una bahasha yake, nyeupe, na kiasi chake kina adabu yake: elfu 30, elfu 50, namba za witiri. Mtu yeyote aliyekulia pwani anaijua bahasha hiyo kwa jina jingine. Ilikuwa rambirambi. Cha pili kilikuwa chupa ya plastiki ya lita mbili, imejaa kinywaji cha rangi ya kahawia nyekundu, baridi kiasi cha kuuma vidole. Na juu ya kifuniko cha chupa, limefungwa kwenye karatasi laini, tunda moja lililokaushwa.

Kinywaji nilikijua. Kinaitwa sujeonggwa.

Mwislamu mgeni Korea anakula kwa mahojiano. Hii ina nini? Na huu mchuzi? Na haya mafuta? Wanafunzi wenzangu walikuwa watu wema, na wema wao ulikuwa wa kunialika kila walipokwenda kula, na walipokwenda kula ilikuwa nyama ya tumbo la nguruwe inayochomwa mezani, na soju. Nilikaa nao saa mbili nzima nikifunga wali kwenye majani ya saladi. Halafu mwisho, karibu na mahali pa kulipia, kulikuwa na mashine ndogo yenye mabomba mawili na rundo la vikombe vya karatasi. Bomba moja lilitoa sikhye, kinywaji chao cha wali na kimea. La pili lilitoa hii. Mara ya kwanza nilipoinywa mdalasini ulifika kwanza, tangawizi ikaja nyuma yake kooni, taratibu, na yote hayo katika ubaridi kama wa maji ya mtungini. Sikuuliza ina nini. Katika mji ule lilikuwa jambo kubwa, kunywa kitu bila kuuliza.

Nikawaambia wenzangu, kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika, "Hii ni ya baba yangu! Ameipoza tu!"

Hii nayo ina historia. Miaka mitatu kabla, katika insha ya kuomba ufadhili wa masomo, nilikuwa nimeandika habari za baba. Mtoto wa kike amekaa kwenye kibao cha mbuzi, alfajiri, bado giza, anamtazama baba yake akitumbukiza tangawizi iliyopondwa ndani ya dele la kahawa linalotokota. Insha ilipendwa. Kwenye usaili profesa mmoja aliniambia kwamba alipoisoma alisikia harufu. Nilijivunia sentensi hiyo kwa muda mrefu, na nilipokuwa nalia juu ya paa lile mwezi wa kwanza wa 2019, nikatia vyote kwenye sufuria moja, nilikuwa naigiza insha yangu mwenyewe.

Chupa ya Halmeoni niliimaliza kwa siku mbili. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo niliirudisha na maandazi sita. Akanikalisha kwenye sakafu yake yenye joto (nyumba za Korea zinapashwa moto kwa chini, unakaa na joto linakupanda kama uko juu ya jiwe lililoshinda juani) akauliza kama nimekula lile tunda. Nikasema bado. Akanisimulia hadithi, polepole, kwa Kikorea cha kumwambia mtoto, ambacho ndicho kilikuwa kiwango changu siku zile.

Chui milia alishuka mlimani usiku wa baridi, ana njaa. Akafika kwenye nyumba moja, akasikia mtoto analia. Mama yake anambembeleza: nyamaza, mbweha huyo anakuja. Mtoto analia. Nyamaza, dubu. Analia. Nyamaza, chui milia yuko hapa dirishani! Chui akashtuka, huyu mwanamke kanionaje? Lakini mtoto analia vilevile. Mwishowe mama akasema, haya, gotgam hii hapa. Kimya. Chui akajiuliza, gotgam ni mnyama gani huyo, ambaye mtoto asiyeniogopa mimi anamwogopa? Akarudi nyuma akajificha kwenye zizi. Usiku huo huo mwizi wa ng'ombe akaingia zizini, akapapasa gizani, akadhani chui ni ndama mnono, akamrukia mgongoni. Gotgam huyo! Chui akatoka mbio, mwizi juu yake, mpaka kukakucha.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile ya darasani. Halmeoni akasema, "Kula," akiwa na maana ya gotgam, na ndiyo pole pekee aliyonipa kwa mdomo.

Ile gotgam nilikuwa nimeiona ikizaliwa. Matunda yenyewe yanaitwa gam, rangi ya chungwa, umbo la nyanya kubwa iliyochongoka. Mwezi wa kumi ulipokuwa ukiisha Halmeoni alipandisha makreti mawili juu ya paa, akayamenya yote kwa kisu kidogo, akaacha vikonyo, akayafunga kwenye kamba na kuyatundika chini ya bati la chumba changu. Asubuhi nilipofungua dirisha nilitazamana nayo. Nilijaribu kuiba moja mbichi. Usifanye hivyo. Ni ukakasi mtupu, kama bibo lisiloiva, ulimi unakuwa kama umevishwa soksi. Halmeoni aliniona uso ulivyokunjamana na hakusema kitu, lakini mabega yake yalicheka.

Kinachotokea pale kwenye kamba ni hiki: tanini zinazoleta ule ukakasi haziondoki, zinajifunga tu, hazitaki tena kuyeyuka mdomoni. Sukari iliyokuwa imefichwa na ukakasi inabaki peke yake. Inachukua wiki sita, saba, nane, inategemea upepo. Tunda linasinyaa, linageuka kahawia, linakuwa laini kama sikio, na mwisho unga mweupe unatokea juu ya ngozi. Nilidhani ni ukungu, nikataka kumwonya. Ni sukari yenyewe, imetoka nje.

Wiki moja kabla ya Seollal, mwaka mpya wao wa mwezi mwandamo, ambao mwaka ule uliangukia tarehe 5 Februari, Halmeoni alinipigia simu kutoka ghorofa ya chini. "Haksaeng, una mikono?" Nikasema ninayo. Tukaenda soko la Gyeongdong.

Natamani ningekuwa na nafasi ya kuliandika soko lile peke yake. Ni soko la dawa za mitishamba kuliko la chakula: magunia ya mizizi, magome, uyoga mgumu kama ubao, jinseng ndani ya mitungi ya kioo kama maiti za watu wadogo. Tangawizi tuliinunua kwa mama mmoja aliyekaa chini, ikiwa bado na udongo. Mdalasini tuliununua duka la dawa, na hapo ndipo nilipogombana na muuzaji kimoyomoyo, maana alichotupimia hakikuwa mdalasini ninaoujua. Wa kwetu, wa Muheza na Amani, ni ganda jembamba linalojikunja kama karatasi, unalivunja kwa vidole. Wao wanaita gyepi: gome nene, gumu, unene wa kigae cha chungu, mwingi unatoka Vietnam. Ni miti ya ukoo mmoja lakini si mti uleule. Gyepi ni mkali, una utamu wa pipi na moto nyuma yake. Mdalasini wetu ni wa kunukia. Ule ni wa kupigana.

Nyumbani Halmeoni alinipa brashi niyasugue magome chini ya maji, maana vumbi hukaa kwenye mikunjo, na kijiko cha kukwangulia ngozi ya tangawizi. Si kisu. Kisu kinakula nyama. Gramu 100 za tangawizi zilizokatwa vipande vyembamba kama shilingi, na kama gramu 60 za magome. Kisha akatoa sufuria mbili.

Nikauliza za nini mbili.

Moja ya tangawizi, moja ya gyepi, kila moja na lita moja na nusu ya maji. Zinabandikwa kwa wakati mmoja, moto wa wastani mpaka zichemke, halafu mdogo, saa moja. Hazikutani mpaka zimeshachujwa.

Nikasema si tungetia vyote pamoja, ingeokoa gesi. Akatikisa kichwa. "Zinagombana," akasema. Zikipikwa pamoja kila moja inaimeza mwenzake, huipati tangawizi wala huupati mdalasini, unapata kitu cha katikati. Lazima kila moja iishe kusema neno lake kwanza.

Sijui kwa nini nilishikilia. Labda kwa sababu ya wiki zile nilizokuwa nazo. Nikamwambia baba yangu aliuza kinywaji cha tangawizi miaka thelathini, na alichemsha pamoja, na watu walitoka mbali kuja kukinywa.

Halmeoni alikuwa anasugua gome. Hakuinua uso. "Basi baba yako alikuwa na haraka."

Niliweka brashi chini nikapanda juu kwangu bila kuaga, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake ni utovu wa adabu Korea na Tanga pia. Nilikuwa natetemeka. Ilikuwa saa mbili usiku; Tanga saa nane mchana. Nikampigia mama. Alikuwa eda, hatoki, kwa hiyo simu aliipokea mlio wa kwanza. Baada ya salamu nikamwambia, kama mtoto anayesemelea, kwamba mwenye nyumba wangu anasema tangawizi haichemshwi pamoja na vitu vingine, hebu niambie baba alivyokuwa anafanya nikamwonyeshe.

"Pamoja? Nani kakwambia pamoja?" mama akasema. "Baba yako hakuwahi kuchanganya hivyo vitu motoni hata siku moja. Tangawizi alikuwa anaibandika peke yake, saa kumi ya usiku, kwenye ile sufuria iliyokatika mkono. Akitoka msikitini anakuta imetulia, anaichuja kwenye kitambaa, anaitia kwenye chupa ya chai. Kahawa alipikia kijiweni. Tangawizi anaimimina mwishoni, dele kashaliepua."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasema ukizipika pamoja inakuwa dawa ya kifua."

Nikanyamaza. Halafu nikasema, "Lakini mama, mimi nilikuwa namwona. Nimekaa kwenye mbuzi, pale uani."

Mama naye akanyamaza kidogo. Nilisikia jirani anatwanga.

"Ulimwona saa ngapi, mwanangu? Wewe ulikuwa umelala."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kuniuliza kama nakula, kama baridi imepungua, kama nimepata mtu wa kusoma naye hitma. Mimi nilibaki na lile neno.

Nimefanya kazi ya habari miaka tisa sasa. Kijana akiniletea habari yenye rangi nyingi, machozi yanatiririka, jua linazama nyuma ya mnazi, swali langu la kwanza ni moja: ulikuwepo? Wananicheka kwa swali hilo, wengine wanaliiga sauti. Na mimi nilipata viza, tiketi, posho ya kila mwezi na shahada ya uzamili kwa sentensi moja kuhusu jambo ambalo sikuwepo. Sikudanganya kwa kujua, nataka msomaji alijue hilo, ingawa sijui linasaidia nini. Bado ninaiona ile picha. Kibao cha mbuzi kilikuwepo, ua ulikuwepo, dele lilikuwepo. Mtoto tu ndiye hakuwepo pale. Alikuwa ndani, kajifunika gubigubi.

Nilikaa na simu mkononi nikijaribu kutafuta ni kipi basi nilichonacho ambacho ni cha kweli, na kilichokuja ni harufu. Nilikuwa naamshwa na harufu. Hiyo ni kweli, naweza kuiapia. Inapita chini ya mlango, nageuka upande wa pili, nalala tena. Na nilipoishika vizuri ile harufu nikagundua kwamba haikuwa na kahawa ndani yake. Haijawahi kuwa nayo. Ilikuwa tangawizi peke yake, ile ile iliyokuwa inapanda ngazi sasa hivi kutoka kwa Halmeoni.

Nikashuka. Sufuria mbili zilikuwa motoni. Nikasema, "Baba naye alitumia mbili." Halmeoni akasema, "Mm," akanisogezea kiti.

Mengine hayana mambo mengi. Baada ya saa moja unachuja kila sufuria kwenye kitambaa, na hapa usikamue, utaleta vumbi na kinywaji kitakuwa cha tope. Maji ya tangawizi yanatoka ya manjano yaliyofifia, ya gyepi mekundu kama chai kavu. Unayaunganisha, unatia sukari kama gramu 200, sisi tulitia ya kahawia, unachemsha tena dakika kumi kisha unaacha ipoe yenyewe. Usionje ikiwa ya moto ukaamua sukari imetosha. Ubaridi unapunguza utamu, kwa hiyo ikiwa moto iwe imezidi kidogo. Halmeoni aliiweka kwenye lile friji lao la kimchi, ambalo baridi yake haipandi wala haishuki, na akasema tuisahau siku mbili.

Gotgam inaingia mwisho kabisa, saa chache kabla ya kunywa. Unatoa kikonyo na mbegu, unaiacha ilainike ndani. Ukiiweka mapema inavimba na kuchafua maji. Na juu ya kila kikombe zinaelea mbegu za msonobari, tatu tu, ambazo kabla ya hapo mtu amekaa chini na kuzitoa moja moja kile kikofia chake cha kahawia. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilivua vikofia kwa dakika arobaini, na nilishukuru kupata kazi ya namna hiyo.

Asubuhi ya Seollal mtoto wake wa kiume alikuja na familia kutoka Busan. Nikiwa juu nilisikia viti vinasogezwa, kisha ukimya mrefu. Nilijua walikuwa wanainama mbele ya meza ya marehemu mumewe. Siku mbili kabla nilimsaidia kufuta vyombo vya meza hiyo, na alinieleza gotgam zinakaa wapi na mapeari wapi. Saa sita akaniita. Sehemu yangu alikuwa ameitenga jana yake, kwenye bakuli lenye kifuniko, kabla meza haijaandaliwa. Sikumwomba afanye hivyo na sijui nani alimweleza habari za dini yangu. Labda hakuna. Mkwe wake, mwanamke mchangamfu wa umri wangu, akaniambia pembeni kwamba dukani zinauzwa za kopo, bei rahisi, na ladha karibu ile ile. Nikamwambia ndiyo, nimezionja.

Nilirudi nyumbani Agosti ile ile, mama akiwa ameshatoka eda. Halmeoni alinipa gotgam kumi na mbili kutoka kwenye friza, amezifunga kwa magazeti, na aliposimama mlangoni aliniita haksaeng kama kawaida, ingawa shahada ilikuwa begani kwangu ndani ya bomba lake la plastiki.

Sasa naitengeneza Dar, mara mbili tatu kwa mwaka. Tangawizi ya Same ni kali kuliko ya Korea, natia gramu 80. Mdalasini natumia wa Muheza na nimekubali kwamba hautafika pale. Natia mwingi zaidi, inakuwa nyepesi na ya kunukia, kinywaji kingine chenye jina lile lile. Gotgam ziliisha mwaka wa kwanza. Nimejaribu tende, zinavumilika, ila zisikae humo zaidi ya saa moja. Mbegu za msonobari sina. Sufuria ninazo mbili.

Ya kwanza kabisa niliitengenezea Tanga, jikoni kwa mama, na moja ya hizo sufuria ilikuwa ile iliyokatika mkono. Niliamka saa kumi ya usiku bila sababu yoyote ya mapishi. Umeme ulikatika asubuhi ukarudi adhuhuri, kwa hiyo friji ilifanya ilichoweza. Jioni nikamletea mama kikombe, gotgam imelala chini yake, nikamweleza hii inatoka wapi na nani alinifundisha. Mama akanywa. Akafumba macho, akanywa tena, akatafuna gotgam mpaka ikaisha. Akanirudishia kikombe.

"Tamu," akasema. "Sasa kaipashe moto."